Alfajiri ya Pasaka Katika Uwanda wa Kyela



Ndugu wasikilizaji wapendwa, na hasa ninyi makatekista mnaosikiliza pamoja na waumini wenu vigangoni, leo naomba ruhusa yenu niweke kando kwa muda ufafanuzi wa somo, nisimulie habari ya kale. Nimelazimika kufanya hivyo kwa sababu ya swali la katekista mmoja wa upande wa Kyela. Baba yake alikuwa Mmoravian, akafa baada ya Pasaka ya mwaka uliotangulia, akazikwa katika makaburi ya usharika wake. Mama yake, ambaye naye ni Mmoravian hata leo, alimwomba amsindikize makaburini alfajiri ya Pasaka iliyofuata, kwa kuwa jina la baba lingetajwa. Katekista akasita. Aliniuliza hivi: Je, Baba, kwenda kwenye kaburi la mzazi gizani, kukiwa na tarumbeta na nyimbo, ni ibada ya Kikristo, au ni mambo ya mizimu yaliyovikwa kanzu?

Nilimjibu kwa maneno machache wakati ule, na nadhani nilimjibu vibaya. Jibu la haki lahitaji safari ndefu.

Mtu asiyeijua Kyela hana budi kwanza kuielewa hali ya nchi. Uwanda ule uko chini, umezungukwa na miinuko ya Rungwe upande wa kaskazini, milima ya Livingstone upande wa mashariki, na Ziwa Nyasa upande wa kusini. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo yote yateremka humo kabla ya kuingia ziwani. Mvua zaanza mwishoni mwa mwaka, lakini ni katika Machi na Aprili ndipo zinapomwagika pasipo kiasi. Pasaka basi, kwa watu wa Kyela, ni sikukuu ya maji. Mpunga umesimama mashambani, migomba imelemewa, njia zimekatika, na mwenye nyumba ya udongo hulala akisikiliza ukuta.

Katika hali hiyo watu huamka kama saa kumi za usiku. Tarumbeta hulia gizani. Wazee hutoka na taa za chemli, akina mama wamebeba viatu mkononi, watoto wamejifunika majani ya migomba badala ya miavuli. Huelekea makaburini, husimama kati ya makaburi, huimba na kusali hata kupambazuke. Hutolewa salamu ya kwamba Bwana amefufuka, nao wote hujibu kwamba kweli amefufuka. Hukumbukwa pia wale waliofariki tangu Pasaka iliyopita. Mimi si Mmoravian, lakini nimewahi kusimama pale kama mgeni, matope yakifika kwenye vifundo vya miguu, na ninakiri kwamba jibu lile la watu wote, likitoka gizani pande zote kana kwamba makaburi nayo yameitika, lilinisisimua mwili.

Ibada hii haikuzaliwa katika masika. Ilizaliwa katika nchi ya theluji, katika majira ambayo Wazungu huyaita majira ya kuchipua.

Mwaka 1722 wakimbizi wa dini kutoka Moravia, warithi wa wafuasi wa Jan Hus aliyechomwa moto mwaka 1415, walipewa mahali pa kukaa katika shamba la Mtemi Nikolaus Ludwig von Zinzendorf huko Saksonia, Ujerumani. Kijiji chao wakakiita Herrnhut. Mwaka 1730 walitenga mahali pa kuzikia juu ya kilima kilicho karibu, kiitwacho Hutberg. Kwa lugha yao makaburi huitwa shamba la Mungu. Hawakulibuni wao jina hilo, lakini walilichukua kwa uzito wake wote: mwili hauzikwi kama takataka, wapandwa kama mbegu, kwa namna ile ile Mtume Paulo alivyowaeleza Wakorintho. Wakazika watu wao kwa safu, chini ya mawe ya bapa yaliyofanana, mtemi na seremala wakilala sawa, ndugu wanaume upande huu na dada upande ule.

Basi alfajiri ya Pasaka tarehe 13 Aprili 1732 vijana wanaume wa kijiji hicho walipanda kilimani kabla ya jua, wakasimama kati ya makaburi, wakaimba. Hakuna aliyewaagiza kuanzisha desturi. Walitaka tu kufanya kama walivyofanya wale wanawake wa Injili waliokwenda kaburini mapema wakiwa na manukato yao. Lakini fikirini walichokiona jua lilipotoka. Miezi mingi ardhi ilikuwa imekufa kwa baridi, na sasa majani yalikuwa yanaanza kutokeza. Nchi yenyewe ilikuwa inahubiri. Mwaka uliofuata walikwenda tena, safari hiyo kijiji kizima, na tarumbeta zikaja kuongezwa baadaye.

Mwaka huo huo wa 1732, miezi minne tu baada ya alfajiri ile, Leonhard Dober na David Nitschmann waliondoka Herrnhut kwenda kisiwa cha St. Thomas katika bahari ya Karibi, wakahubiri kwa Waafrika waliokuwa watumwa chini ya utawala wa Denmark. Kwa hiyo sikukuu hii na safari za kwenda kwa watu weusi ni pacha, zimetoka nyumba moja mwaka mmoja.

Mwaka 1737 Georg Schmidt alifika Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa Afrika, wakati nchi hiyo ilipokuwa koloni la Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki. Akakaa bondeni na Wakhoikhoi. Mwaka 1742 alipobatiza watu watano, wachungaji wa Kiholanzi walikataa kata kata, wakisema hana haki ya kubatiza katika koloni lao, na mwaka 1744 akarudi kwao. Mwaka 1792, ndugu watatu waliporudi katika bonde lile, walimkuta mama mzee aitwaye Lena, mmoja wa waliobatizwa, akiwa bado anatunza Agano Jipya la Kiholanzi aliloachiwa. Karibu miaka 50 ilikuwa imepita. Kijiji hicho baadaye kiliitwa Genadendal, na huko nako Pasaka ikaja kupokewa makaburini alfajiri, ingawa Aprili huko majani hayachipui bali hupukutika. Nimewatajia Lena kwa sababu nitamhitaji tena kabla sijamaliza.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1891 wamisionari wanne wa Kimoravian, Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner, walikuja kwa njia ya Zambezi, Shire na Ziwa Nyasa. Martin alikufa kwa homa mwaka ule ule. Wenzake walipanda chini ya mlima Rungwe, wakaanzisha kituo cha kwanza. Mwaka huo huo walikuja pia wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky. Hao wakashika upande wa mashariki, mpaka Matema ufukweni, na warithi wao leo ni ndugu zetu Walutheri. Mwaka 1894 Wamoravian waliteremka uwandani, wakajenga Ipyana, karibu na ziwa, kwenye joto na mbu. Kituo cha Ipyana ndicho kilichoileta alfajiri ile ya Herrnhut katika matope ya Kyela.

Ipyana ilijengwa kati ya watu ambao tayari walikuwa na makaburi yao, sikukuu zao na neno lao juu ya wafu.

Wanyakyusa walimzika mtu nyumbani kwake, karibu na nyumba, si mbali na migomba yake. Mazishi yalikuwa jambo la watu wengi: wanawake walilia kwa sauti, vijana walicheza wakiwa na mikuki, ng'ombe walichinjwa. Godfrey Wilson na mkewe Monica, wataalamu wa mila waliokaa kati yao katika miaka ya 1930, waliandika habari hizo kwa urefu. Lakini kaburi la malafyale, yaani mtawala, halikuwa kama makaburi mengine. Liliachwa likawa kichaka cha miti mirefu, hakikukatwa kuni, na wakati mvua ilipogoma au nchi ilipopatwa na maradhi wazee waliingia humo na ng'ombe na pombe, wakanena na aliyelala pale. Juu ya vichaka vyote hivyo palikuwapo Lubaga, mahali pa Lwembe, na kule ufukweni chini ya milima ya Livingstone palikuwapo pango la Kyala. Kyala ni jina lile lile ambalo wamisionari walilichukua, nasi sote twalitumia, kwa Mwenyezi Mungu. Hata hili peke yake lingetosha kwa mahubiri ya Jumapili nyingine.

Tena walikuwa na majira yao ya kuchipua, nayo hayakuwa Aprili. Mvua za kwanza zilipokaribia, mwishoni mwa mwaka, nchi ilitakaswa. Monica Wilson alieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1959 jinsi majivu ya zamani yalivyozolewa mekoni na kutupwa nje, ili uchafu wa mwaka na ugomvi wa nyumba viondoke kabla ya kupanda. Na watawala wazee walipowakabidhi vijana nchi, katika sherehe iliyoitwa ubusoka, moto wote wa zamani ulizimwa, ukapekechwa mpya, na kila nyumba ikachukua kutoka huo. Sisi Wakatoliki tunaowasha moto mpya usiku wa Mkesha wa Pasaka tusijifanye hatuelewi maana yake. Tena twaenda makaburini tarehe 2 Novemba, siku ya marehemu wote, wakati ule ule ambapo mababu wa Kyela walikuwa wakitazama mawingu na kufikiri juu ya wafu wao. Hakuna aliyepanga ifanane hivyo.

Lakini jambo kubwa kuliko yote ni neno. Kwa Kinyakyusa wafu waliotangulia, wale tunaowaita mizimu kwa Kiswahili, huitwa abasyuka. Neno hilo latokana na kitenzi cha kufufuka. Kwa maneno mengine, Mnyakyusa wa zamani, kabla hajasikia habari ya kaburi tupu la Yerusalemu, tayari aliwaita wafu wake waliofufuka. Alimaanisha kwamba hawakuishia pale walipozikwa. Wako chini, wana nguvu, wanatoa mvua na watoto, na wakikasirika wanaweza kuzuia vyote viwili. Mhubiri alipokuja na kusema kwamba yuko mmoja aliyefufuka, msikilizaji angeweza kabisa kumwuliza: mmoja tu?

Makatekista wangu, tafadhali tulieni hapa kidogo, kwa maana hapa ndipo swali la mwenzenu lilipozaliwa. Wamisionari waliwakataza Wakristo kuingia vichakani. Waliwakataza kula nyama ya tambiko, na ngoma ya mikuki mazishini ikaachwa, nyimbo zikachukua nafasi yake. Kisha Pasaka ilipofika, wamisionari hao hao waliwaongoza Wakristo hao hao, gizani, kwa kelele za shaba, mpaka kwenye makaburi! Mzee asiyebatizwa aliyekuwa akitazama kutoka kwenye migomba yake angekuwa na haki ya kucheka. Angesema, mmetukataza kwenda kwa wafu wetu, kumbe mlitaka twende kwa wafu wenu.

Angekosea, lakini si sana. Wamoravian wa kwanza hawakuona tatizo kwa sababu kwao Herrnhut hakuna aliyekuwa akimwomba marehemu mvua. Walileta ibada iliyokuwa salama kwao, wakaiweka kwenye udongo ambao haukuwa mtupu. Nadhani, na hili ni wazo langu mwenyewe, kwamba ndiyo sababu ilishika. Sikukuu ya majani mabichi isingeweza kushika Kyela, ambako majani hayafi kamwe na Aprili ni mwezi wa mafuriko. Sikukuu ya makaburi ilishika mara moja.

Na tofauti ilikuwapo, wala haikuwa ndogo. Kichaka kilikuwa cha malafyale. Hakuna aliyeingia kichakani kwa ajili ya mwanamke maskini, au mtoto, au mgeni aliyefia njiani. Katika shamba la Mungu safu ni moja. Tena kichakani mtu alikwenda kuomba kitu kutoka kwa aliye chini. Alfajiri ya Pasaka mtu huenda kumpa taarifa, na yeye aliye chini haombwi chochote. Haya mambo mawili, usawa na taarifa, tuyapime kwa historia ya pwani ile ya ziwa, nayo ni historia ya machozi.

Mwaka 1887, miaka minne tu kabla ya wamisionari kufika Rungwe, mfanyabiashara wa watumwa aitwaye Mlozi, aliyekuwa na ngome karibu na Karonga, aliwashambulia Wankonde, ndugu wa damu wa Wanyakyusa. Mwezi Oktoba watu walikimbilia matete ya ziwa dogo la Kambwe, kando ya Ziwa Nyasa. Wapiganaji wa Mlozi waliyawasha matete moto. Waliotoka waliuawa au kutekwa, waliobaki majini walikutana na mamba. Vita vile havikuisha hadi mwisho wa mwaka 1895, Mlozi alipokamatwa na kunyongwa. Watu wa Kambwe hawakuwa na kaburi, wala kichaka, wala mahali ambapo mtu angeweza kusimama na kusema huyu ni wangu.

Kati ya watu wa kwanza kukusanyika katika vituo vya misheni walikuwamo wengi wa namna hiyo, waliotoroka au kukombolewa utumwani, watu ambao ukoo ulikuwa umewapoteza. Mtu wa kwanza kubatizwa Rungwe, mwaka 1897, alikuwa mwanamke. Tena Wamoravian walikuwa na desturi nyingine kutoka Herrnhut: kila ndugu alitakiwa kusimulia habari ya maisha yake, iandikwe, isomwe siku ya kuzikwa. Huko Utengule, upande wa Mbeya, mke wa mmisionari, Elise Kootz-Kretschmer, aliandika kutoka vinywani mwa akina mama Narwimba, Chisi na Meli jinsi walivyotekwa, walivyouzwa na kubadilishwa, na walivyofika. Meli alitekwa akiwa mtoto mdogo. Mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright alizikusanya habari hizo katika kitabu, na leo wanafunzi wa vyuo vikuu duniani huzisoma kama ushahidi wa nadra, kwa sababu ni watumwa wachache mno wa Afrika Mashariki waliopata kusema wenyewe. Msingi wake ni ile desturi ya kutaka kila mtu afike kaburini akiwa na habari yake mwenyewe. Leo karibu kila msiba husomwa wasifu wa marehemu, nasi husinzia unaposomwa. Tungeusikiliza kwa masikio mengine kama tungekumbuka kwamba palikuwa na watu waliokufa bila hata jina.

Naja sasa kwenye mwaka 1916. Vita vya Wazungu vilipoanza mwaka 1914, ziwa letu liliona mapigano mapema. Septemba mwaka huo Wajerumani na Waingereza walipigana Karonga. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Kiingereza yalivuka kutoka Nyasaland, yakashika Tukuyu, iliyoitwa wakati ule Neu-Langenburg, na wamisionari wa Kijerumani wakachukuliwa kama wafungwa. Nyumba za misheni zikabaki tupu. Waskoti wa Livingstonia, kutoka ng'ambo ya Songwe, walisaidia kwa kadiri walivyoweza, lakini wao wenyewe walikuwa wachache na nchi ni kubwa. Wamoravian wa Kijerumani hawakurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920.

Pasaka ya 1917 iliangukia tarehe 8 Aprili. Hesabuni wenyewe. Kanisa la Ipyana lilikuwa na umri wa miaka 23 tu. Aliyeuleta moto alikuwa kifungoni. Wapagazi walikuwa wakichukuliwa vijijini kubeba mizigo ya majeshi, wengi wakafia njiani wasizikwe, na mwaka uliofuata mafua makuu yakaja yakachukua waliosalia dhaifu. Walimu na wazee wenyeji, ambao wengi wao hawakuwa na cheo chochote cha kanisa, walishika ibada, walifundisha, walibatiza pale walipopewa ruhusa, walizika. Kanisa lililokutwa na Wajerumani waliporudi halikuwa dogo kuliko waliloliacha. Lilikuwa kubwa zaidi. Kwa hiyo mimi humwona Lena wa bonde la Wakhoikhoi kila mahali katika uwanda wa Kyela wa miaka ile, ameketi na kitabu chake, akiwasubiri waliompa, na wakati huo huo akiendelea bila wao.

Tangu hapo sikukuu ile haikuwa ya Herrnhut tena. Jambo la namna hii limewahi kutokea pengine. Katika koloni la Waholanzi ambalo leo ni jimbo la New York, Marekani, Waholanzi walileta sikukuu yao ya Pentekoste, wakiiita Pinkster, nayo ilikuwa sikukuu ya majira ya kuchipua, ya maua na mayai na mapumziko. Waafrika waliokuwa watumwa wao walipewa siku hizo chache, na kidogo kidogo wakaichukua. Wakaleta ngoma zao, wakakutana na ndugu waliouzwa mashamba mengine, na mjini Albany wakamchagua mfalme wao wa sikukuu, mzee Charles, aliyesemekana kuwa mzaliwa wa Angola. Kufikia mwisho wa karne ya 18 watu walipotaja Pinkster walifikiria Waafrika kwanza. Mwaka 1811 baraza la mji wa Albany likaipiga marufuku. Katika shamba la kale la familia ya Philipse, kando ya mto Hudson, ambako orodha ya mali ya mwaka 1750 ilitaja watu 23 pamoja na ng'ombe na vinu, sikukuu hiyo ilikuja kurudishwa kama kumbukumbu, na watu wa rangi zote wakaenda kuitazama. Wale 23 waliandikwa kama mali. Kwa bahati orodha hiyo haikutupwa, kwa hiyo leo angalau inajulikana kwamba walikuwapo.

Kyela hakukuwa na baraza la kuipiga marufuku sikukuu, wala haikuhitaji kurudishwa, maana haikuacha. Ilipita mwaka 1939, Wajerumani walipochukuliwa tena kwa vita vya pili. Ilipita na masika zote. Iliwapokea pia wale ambao ziwa liliwachukua. Tarehe 30 Julai 1946 meli iitwayo Vipya ilizama upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, watu 145 wakafa maji, na kabla yake na baada yake ni mitumbwi mingapi ya wavuvi isiyoandikwa popote? Mjane wa mvuvi hana kaburi la kufyekea. Lakini alfajiri ile hutoka naye, husimama mahali popote panapomfaa katika shamba la Mungu, na hakuna anayemwuliza kwa nini amesimama hapo.

Haya ndiyo ambayo ningepaswa kumjibu katekista wangu siku ile. Badala yake nilimwambia aende kama anataka kumtii mama yake, lakini asiimbe. Asiimbe! Ninaona haya kulisimulia jibu hilo redioni, lakini nimelisimulia kwa kuwa najua wengine kati yenu mmewahi kuwaambia watu hivyo hivyo, na mmewahi kuambiwa.

Alikwenda. Alinieleza baadaye, tulipokutana kwenye semina ya makatekista. Usiku ule mvua ilinyesha tangu saa tano, na mto ulikuwa umefurika, kwa hiyo ilibidi ambebe mama yake mgongoni mahali pa kuvukia. Mama alishika taa juu ya kichwa chake ili isizimike. Walipofika watu walikuwa wameanza. Kaburi la baba halikuwa na jiwe bado, lilikuwa na msalaba wa mti tu, na udongo wake ulikuwa umetitia kwa maji. Wakalisawazisha kwa mikono, yeye upande huu, mama upande ule. Jina lilipotajwa, mama hakulia. Aliinama karibu kabisa na udongo, akasema kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya kawaida kama mtu anayempa mwenzake habari za nyumbani, kwamba mtoto wao amekuja naye, na kwamba mpunga wa mwaka huu umesimama vizuri.

Nilimwuliza kama aliimba. Akacheka, akasema, Baba, tulikuwa tumesimama pale gizani, tarumbeta zikilia karibu nami, na mama alikuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu sana. Sikuweza kukumbuka uliniambia nini.